Rejesho la Wiki, Pamba ya Mwaka

Mdogo wangu Masanja,

Sijui uko wapi, kwa hiyo nakuandikia gazetini. Huenda siku moja ukafungiwa maandazi kwa ukurasa huu ukausoma. Wapo wanaosema uko machimboni Geita, wapo wanaosema umevuka mpaka. Kazi yangu ni kuthibitisha habari, na hii yako imenishinda.

Ninachojua ni kwamba uliondoka Bariadi ukimkimbia mkopeshaji, ukamwacha mkeo Kabula na watoto. Baba yake, Mzee Luhende wa Mwamapalala, akasema mbele yangu kwamba kama pamba itauzwa na wewe hujarudi, atarudisha ng'ombe wa mahari. Maana yake unaijua. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha.

Nitakueleza yaliyofuata. Ila mjini wanasema ulikuwa tapeli, na mimi nilikuona ukifanya kazi, kwa hiyo nianzie huko.

Unakumbuka yule bwana wa Sapiwi aliyetaka paneli ya sola iwekwe upande wa barabarani, wapita njia waione? Uko juu ya bati, jasho linakutiririka, unamwambia, "Baba, jua letu halijui barabara iko wapi." Naye akajibu kutoka chini, "Sasa majirani watajuaje kama nina sola?" Ukamfungia paneli inapostahili, ukamwekea taa moja nje, upande wa barabara. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa nimekuja kuandika habari ya pamba. Nikaishia kukushikia ngazi.

Bwana yule hakukulipa siku hiyo, na hukutegemea. Mlikubaliana pamba ikiuzwa. Karibu wateja wako wote walikuwa hivyo, na sioni ungewauziaje vinginevyo. Mkulima wa huku anashika fedha mara moja kwa mwaka. Kampuni kubwa zinamkopesha pia, lakini asipolipa wanazima mtambo kwa simu wakiwa ofisini. Wewe ulilazimika kukodi bodaboda ukamsalimie.

Ulichohitaji ni mtu wa kukusubiri wewe kama ulivyowasubiri wao. Tulimtafuta pamoja. Benki walitaka hati ya nyumba na mahesabu yaliyokaguliwa. Ukamwambia afisa mikopo kuwa una ng'ombe. Akasema, "Kaka, ng'ombe anakufa." Ukamuuliza, "Na nyumba haiungui?" Alicheka, tena kwa moyo mzuri, akaturudishia karatasi zetu. Mkopo wa halmashauri ulitaka kikundi. Mliunda kikundi cha mafundi, mkahudhuria mafunzo, mkaambiwa fedha zitatoka awamu ijayo. Awamu ijayo wakasema ijayo. Aliyekuamini ni mfanyabiashara mmoja wa Mwanza aliyekupa betri na inveta kwa mali kauli, uuze kwanza ndipo umlipe, na hata yeye mwishowe alihitaji chake.

Ndipo ukachukua mkopo wa kausha damu. Jina lenyewe linajieleza, na wewe hukuwa mjinga. Siku ile uliniambia, "Kaka, ni ya kuvukia tu, mpaka pamba." Lakini rejesho lilikuwa la kila wiki. Biashara inayolipwa kwa msimu ukaifunga kwenye deni linalolipwa kila Jumatatu. Nimeandika habari za wakulima na wafanyabiashara kwa miaka mingi, na sijaona hesabu hiyo ikimwendea mtu vizuri.

Pamba ikanunuliwa, malipo yakachelewa. Mkopeshaji, yule mama, akaanza kuja dukani kwako na kiti chake cha plastiki, anakaa mlangoni, anapaza sauti wateja wasikie: "Fundi sola! Unawawashia watu taa, kwako giza?" Ulicheka naye Jumatatu ya kwanza. Iliyofuata ulitokea mlango wa nyuma. Baada ya hapo watu wake walikwenda kwa Mama Neema, mama lishe wa jirani aliyekuwekea saini ya udhamini kwa sababu ulimfungia taa za kibanda chake. Wakamchukulia friji mchana, wateja wakiwa mezani na ugali wao. Wiki hiyo ndiyo uliyoondoka.

Malipo ya pamba yalikuja baada yako. Bwana wa Sapiwi alifika na fedha yote mkononi, akakuta duka limefungwa. Akaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia sijui. Akanipa mimi. Wengine nilipowafuata walisema walishakulipa. Huenda baadhi ni kweli. Makubaliano yenu yalikuwa ya mdomo, na mdomo wako haupo.

Mzee Luhende alifika asubuhi na ng'ombe, Kabula akitembea nyuma yao. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, kama hakuna jambo. Nikamwomba asubiri msimu mmoja zaidi.

"Mkwe, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini wanaomdai wameanza kuja kwangu. Wanahesabu mifugo yangu kwa macho."

Nilimgeukia Kabula. Nilitegemea angelia, nipate sababu ya kukataa. Hakulia.

"Shemeji, wapokee," akasema. "Wauze, Mama Neema apate friji lake. Mimi nikipita pale kwake nainamisha kichwa, wala sikukopa."

"Na Masanja akirudi?"

"Alikuwa na simu. Angesema hata 'niko hai.'"

Niliwapokea. Hawakuwa wote; mzee amewabakiza wa watoto, kwa hiyo watoto bado wanaitwa kwa jina letu, ingawa wako na mama yao. Waliorudishwa niliwapeleka mnadani. Nikiwa pale nilimwona mkopeshaji ameegemea uzio, anawatazama kama mtu aliyewafuga yeye. Benki ilisema ng'ombe si dhamana. Mkopeshaji yule aliikubali dhamana hiyo bila kuiandika popote.

Nimemlipa. Mama Neema amenunua friji jingine, la mtumba. Fedha iliyosalia, pamoja na ya Sapiwi, imekwenda Mwanza kwa mwenye betri, naye amesema yamekwisha.

Kwa hiyo Bariadi hudaiwi na mtu. Unaweza kushuka stendi mchana kweupe, na hakuna atakayekushika shati. Kwangu pana kitanda. Ila ukitaka kuwaona watoto, usiingie boma la Mwamapalala kama ulivyozoea. Simama nje, piga hodi, utaje jina lako, na usubiri waseme kama unakaribishwa.

Kaka yako, niliyewapokea ng'ombe