Ukipona, Tutakuja Kuyachukua

4 Februari

Mwanangu,

“Wazo zuri hujiuza lenyewe.” Ndivyo linavyosema tangazo la mashindano ya mawazo ya biashara ulilonikunjia ndani ya bahasha, kwa herufi nyekundu kubwa kama za duka la viatu. Uongo mtupu. Hata nyanya hazijiuzi, ndiyo maana sokoni kuna watu wamekauka makoo kabla jua halijapanda. Ukweli wenyewe, ambao kama haki ingekuwepo ungejiuza, mimi naunadi gazetini kila wiki, na kila wiki narudi nao nyumbani haujapata mteja. Anayekwambia wazo hujiuza lenyewe ni yule ambaye tayari ana duka.

Haya, sasa marahaba. Mimi mzima, ukiacha jino linaloniuma nikicheka, na kwa jinsi nchi inavyoendeshwa halinisumbui mara nyingi. Mama yako hajambo? Na kaka yangu, amerudi kweli kwenye kazi yake ya uashi, au mnanidanganya ili nisije kupiga kelele? Niliposikia ameanguka kutoka kwenye kiunzi nilidhani nimeshampoteza. Niambie mguu unakanyaga vipi, na kama anapanda bila kushika ukuta.

Kuhusu wazo lenu, wewe na wenzako wawili: nimelipenda, nami si mtu wa kupenda vitu ovyo. Kila nyumba ina magongo nyuma ya mlango, yaliyonunuliwa kwa machozi mtu alipovunjika mguu na kusahaulika alipopona. Ninyi mnayakusanya, mnayasafisha, mnabadilisha mpira wa chini, mama yako anashona mito mipya ya kwapani, kisha mnamkodisha aliyevunjika leo kwa bei ya soda. Akipona mnamfuata mlangoni kuyachukua, yaende kwa mwingine. Hakuna mlichovumbua, mmeona tu. Kuona ndiko kugumu.

Ushauri wangu ni mmoja. Msiende na michoro. Mchukueni baba yako akaseme mwenyewe. Mtu aliyechubuka makwapa hana haja ya mchoro.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na jino. Mama anasema nenda likang'olewe, uache kulilea kama mtoto wa mwisho. Sisi wazima.

Baba amerudi kazini kweli. Daktari alimruhusu, nyapara akamjaribu kwanza kwenye ukuta wa chini, alipoona anasimama sawasawa akampandisha juu. Siku ile aliporudi nyumbani alilitundika timazi lake la kupimia wima wa ukuta msumarini kama mtu anayetundika cheti. Bado anatanguliza kisigino, lakini ukuta hashiki.

Tulimpeleka kama ulivyosema. Waandaaji wametupa mkufunzi wa kutufundisha kunadi. Baba aliongea vizuri sana, habari za makwapa, habari za kusimama mlangoni ukisubiri mtu akufungulie kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Mkufunzi akamsikiliza huku akitazama simu, halafu akasema, “Asante mzee, lakini tatizo lako limekwisha. Majaji hawalilii tatizo lililokwisha.”

Mdomo akaruka. Huyo ndiye msemaji wetu, jina linajieleza. “Basi aingie na magongo! Aingie polepole, mimi ninyamaze mpaka afike katikati ya jukwaa.” Kalkuleta, anayetupigia mahesabu, akalalamika kwamba ukimya huo utatula muda. Mkufunzi akamjibu kwamba huo ndio muda utakaotupa ushindi.

Baba alicheka tu. “Nitachechemea kama mbuzi aliyekanyaga msumari,” akasema. “Mwanangu ashinde.” Sasa akitoka kazini anafanya mazoezi sebuleni, anazunguka meza. Mama hamwangalii. Jana kamwambia, “Mguu una masikio, baba watoto. Usiuzoeze ubaya.”

Najua hutapenda. Lakini zawadi ni chumba cha kufanyia kazi pale chuoni, mwaka mzima bila kodi. Kwa sasa magongo yote yako chini ya kitanda changu, nalala kama niliyelala juu ya kuni.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nilisema mkampeleke akaseme. Sikusema akachecheme. Ni mambo mawili, na huyo mkufunzi asinichanganyie.

Mtu aliyepona ndiye ushahidi kwamba magongo yenu yanafanya kazi. Ninyi mnamficha huyo, mnamfufua yule aliyeanguka ili matajiri wapate sababu ya kutoa leso. Maskini haruhusiwi kuonekana mzima mbele yao hata kidogo? Mwambie kaka yangu asipande pale na magongo. Mwambie ni mimi nimesema, mdogo wake, na kwamba utotoni nilimng'ata kwa sababu ndogo kuliko hii.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini jino limetulia.

Barua yako ilifika tukiwa tumeshashuka jukwaani. Nimeisoma nimesimama, nikaikunja, sikumwonyesha baba.

Tumeshinda. Mdomo alinyamaza kama alivyopanga, ukumbi mzima ukawa unasikia mpira wa magongo tu, tap, tap, na baba katikati ya taa, kichwa chini. Jaji mmoja alivua miwani. Kisha Mdomo akasema ile sentensi yetu: “Ukipona, tutakuja wenyewe kuyachukua.” Watu walisimama kupiga makofi. Baba aliniangalia akanikonyeza, nikataka kucheka na kulia.

Chumba ni kidogo, kina dirisha na rafu. Mama ameshaleta cherehani. Tayari amekuja dereva wa pikipiki aliyevunjika kifundo cha mguu, amebebwa na wenzake. Tulitaka kumpa jozi ya baba, ile ile ya jukwaani, baba akakataa. “Hayo yana makofi ya watu, nayaweka kumbukumbu,” akasema, na kuyarudisha nyumbani, nyuma ya mlango. Tukampa dereva mengine.

Waandaaji wameweka video. Kila mtu mtaani ameiona.

Mwanao


3 Aprili

Shangazi,

Hujajibu. Najua umekasirika, na leo siwezi kukuomba usikasirike.

Video imemfikia nyapara. Mtoto wake ndiye aliyemwonyesha: “Baba, si huyu mwashi wako?” Asubuhi yake akamwita baba ashuke. Baba anasema alishuka haraka haraka makusudi, ili waone. Nyapara akamwambia, “Mzee, nimekuona kwa macho yangu. Huwezi hata kuvuka sakafu iliyo sawa, halafu unanipandia kiunzi? Unataka kunitia gerezani?” Baba akaeleza kwamba ilikuwa mazoezi ya watoto. Nyapara akajibu kwamba wote waliovunjika husema wamepona, na kwamba hataki maiti kwenye saiti yake.

Baba alikuja nyumbani mchana, mwiko na pimamaji ndani ya ndoo. Alinikuta mlangoni. Akaniuliza, “Umekula?” Basi.

Nifanye nini?

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Ulikuwa huna shangazi kwa mwezi mzima kwa sababu ya kiburi cha shangazi. Sasa unaye.

Usifanye kitu. Nimeshamwandikia mwenye kampuni, na nakala kwa huyo nyapara wake. Nimemweleza kwa lugha ambayo hata mtoto angeelewa kwamba kaka yangu ni mzima kama ngoma, kwamba pale jukwaani alikuwa anaigiza kwa kuombwa, na kwamba mwajiri anayepima mafundi wake kwa video badala ya macho hafai kujenga hata banda la kuku. Nimemwambia nina kalamu na nina gazeti. Watamrudisha. Msalimie, mwambie asiuze pimamaji.

Shangazi yako


28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika.

Nyapara alimwita baba, nami nikaenda naye. Aliisoma nakala yako kwa sauti mbele ya mafundi, mpaka kwenye banda la kuku, wakacheka wote. Kisha akaikunja. “Haya mzee. Dada yako anasema ulikuwa unaigiza. Kama ni kilema, siwezi kukupandisha. Kama ni mzima, basi uliudanganya ukumbi mzima, na ukuta uliojengwa na mwongo mimi silali chini yake. Chagua mwenyewe unaondoka na jina lipi.”

Baba hakuchagua. Tulirudi kwa miguu. Alitembea vizuri njia nzima, wima, haraka kuliko mimi, na hakuna aliyekuwa anatuangalia.

Nimewaita wenzangu. Nimewaambia twende kwa waandaaji tuseme ni sisi tulimtuma achecheme, watupe maneno ya maandishi tumpelekee nyapara, ajue uongo ni wetu si wake. Mdomo akasema, “Tukisema hivyo chumba kinakwenda. Yule dereva wa pikipiki na wenzake tuwaambie nini?” Kalkuleta hakuniangalia. “Baba yako alikubali mwenyewe,” akasema. “Hatukumfunga kamba.”

Na ni kweli wanaokuja ni wengi, shangazi. Jana alikuja msichana wa shule, amebebwa mgongoni na mama yake, akaondoka kwa magongo yetu.

Niseme, au ninyamaze?

Mwanao


5 Mei

Sema.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri nipate habari nzuri hata moja ya kuanzia. Sikuipata.

Nilisema, peke yangu. Waandaaji walinisikiliza kwa upole sana, wakatoa na maji. Chumba wamekichukua. Magongo yote yamo ndani, wametia kufuli lao mpaka kamati ikae, na kamati haikai. Wanaokuja wanakuta mlango umefungwa. Mama aliwahi kumkuta mmoja ameketi kizingitini, hajui aondoke vipi. Video hawakuifuta. Wanasema inahamasisha vijana.

Maandishi walinipa, yana mhuri. Nilimpelekea nyapara. Akayasoma, akanirudishia. “Nimeshaweka mwashi mwingine, binti. Huyu mguu wake siujui kabisa, na ndivyo ninavyotaka.”

Mdomo yuko kwenye timu nyingine. Kalkuleta akiniona anavuka barabara.

Hayo ningeyavumilia. Ninalotaka kukwambia ni jingine.

Habari ilipoenea kwamba baba alikuwa mzima, alikwenda dukani kununua sabuni, anatembea zake. Muuza duka ndiye aliyekuwa akimtolea kiti tangu alipoanguka. Siku hiyo hakumtolea kiti. Akasema, si kwa ukali, “Kumbe mzee ulikuwa unatuigizia sote? Na ile pole tuliyokupa hospitalini irudi?” Watu wakacheka. Baba naye akacheka. Safari iliyofuata aliyachukua magongo nyuma ya mlango. Nilimuuliza kulikoni. “Dukani tu,” akasema. “Yananipunguzia maelezo.”

Halafu ikawa dukani na msibani. Halafu ikawa kila akitoka. Tulimpata nyapara mwingine, upande wa pili wa mji, aliyekuwa tayari kumwona. Baba alifika pale kwa magongo. Mama alilia, akamwambia, “Si nilikwambia mguu una masikio?” Suruali ya baba upande ule sasa inapwaya. Tumemwomba aende kwa daktari, anasema daktari alishamaliza kazi yake.

Jana alikuwa anakwenda uani kuoga. Hakukuwa na mgeni, tulikuwa sisi tu. Nilisikia mpira kwenye sakafu, tap, tap, kama siku ile.

Shangazi, sijui kama bado anaigiza.

Mwanao


11 Julai

Kwenu ninyi watatu: mwanangu, Mdomo na Kalkuleta. Mwanangu, nakili barua hii mara mbili uwapelekee wenzako mkononi, na anayevuka barabara mfuate upande wa pili.

Naandika bila kuwajulia hali, kwa sababu hali naijua.

Niliandika makala juu ya mashindano haya. Mhariri ameirudisha, mdhamini wa mashindano ananunua ukurasa mzima wa matangazo kwetu. Nilimwandikia tena mwenye kampuni, safari hii kwa adabu, kama mtu anayelamba kisu. Hakujibu. Nilimwandikia kaka yangu mwenyewe, naye akajibu kwamba niache kujisumbua, mambo yameshakaa. Maisha yangu yote nimeamini kwamba kuna sentensi moja ambayo ukiipata, ukaiweka mahali pake, mtu mkubwa atashituka. Siamini tena. Sitegemei chumba kirudi, wala kazi irudi, na mguu unaokonda ukiwa hauna jeraha sijui unatibiwa na nani. Kwa hiyo siwaombi mrekebishe lolote.

Ila mlisema neno. Nimeisikiliza ile video mara nyingi, nikitafuta la kuwapinga, na nimekuta sentensi moja ambayo haina uongo: “Ukipona, tutakuja wenyewe kuyachukua.” Hamkusema mkishinda. Hamkusema mkipewa chumba. Mlisema akipona.

Alipona. Hamkuja.

Basi njooni. Wewe Mdomo uliyejua kunyamaza ukumbi mzima ukusikie, wewe Kalkuleta uliyeuonea uchungu muda, na wewe mwanangu unayelala chumba cha pili kutoka kwenye mlango ule. Njooni wote watatu, mchana, kwa mlango wa mbele, muuza duka akiona na wateja wake wakiona. Msilete mkufunzi, msilete simu. Bisheni hodi kama mlivyokuwa mkibisha kwa wengine. Mwambieni: “Baba, umepona. Tumekuja.” Atacheka, msicheke naye. Atasema anayahitaji, msimwamini. Akikasirika, kaeni chini mpaka amalize. Kisha myashike, moja huku, moja huku, na mkewe awe karibu na kiti endapo mguu umesahau kweli.

Na akianguka, mwinueni kwa mikono yenu. Lakini yachukueni.

Shangazi yenu