Stendi za Dramu ya Baba

Jumatatu, 3 Juni 1991

Nimeahidi kuandika yote humu, hata yanayoniaibisha.

Nimechota maji. Nimefagia uwanja. Nimefanya mazoezi ya dramu nusu saa. Dramu ni tatu, nyekundu, za mbao nyembamba. Baba alizipiga katika bendi ya wafanyakazi wa reli hapa Itigi kabla sijazaliwa. Bendi ilikufa. Stendi zikaliwa na kutu, na fimbo ya chuma iliyoshika dramu ya juu imekatika. Naiweka dramu hiyo juu ya kiti. Inateleza.

Mwalimu Zakaria wa kwaya amesema nitapiga mimi mwisho wa mwezi, kwaya zitakapokutana Kiomboi. Ila sheria yake ni ileile: anayepiga ndiye anayebeba. Lori linaishia chini, kanisa liko juu mlimani. Nikishindwa atapiga Yona. Yona ana mabega. Mapigo hana. Nimeandika kwa wivu, lakini ni kweli.

Baba mdogo Elia, anayepeleka asali Dar es Salaam, atatuletea stendi mpya. Baba anasema miaka ile ulinunua kilichokuwepo, ukashukuru. Siku hizi maduka yamejaa na mtu anachagua. Nadhani kuchagua nako kunahitaji kufundishwa.

Jumatano, 5 Juni

Zimekuja! Zinang'aa mpaka unajiona. Kila mguu ni wa bomba mbili. Nimeinua moja kwa mikono yote miwili. Hatua kumi, nikaitua. Nikatabasamu ili Baba mdogo asijue.

Anasimulia kwa fahari. Dukani aliinua stendi zote, mojamoja, kama anavyoinua madebe ya asali. Debe zito halijapunjwa. Basi akachukua za aina iliyo nzito kuliko zote.

"Ilikuwepo nyingine ya kitoto," alisema. "Miguu kama ya panzi! Unaikunja, unaiweka kwapani. Ningeileta hiyo mngenicheka hadi Krismasi."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Unafiki.

Ijumaa, 7 Juni

Nimebeba dramu ya juu na stendi yake kutoka nyumbani hadi kwenye mazoezi ya kwaya. Nimepumzika mara nne. Njia ni tambarare tupu. Mwalimu Zakaria alinitazama, kisha akamtazama Yona.

Yona aliichukua stendi akaiweka begani kama jembe. "Dada Foibe, nikubebee na viatu?"

Wasichana wa sauti ya kwanza wote walicheka. Sikulia. Nilitaka.

Jumamosi, 8 Juni

Baba mdogo amerudi Dar kwa treni, na madebe yake.

Baada ya yeye kuondoka ndipo Baba amegundua. Bomba la stendi ni nene. Haliingii kwenye kishikio cha zamani kilicho ubavuni mwa dramu. Dawa ni moja: kung'oa kishikio, kutoboa matundu manne, kufunga kipya. Ameweka alama kwa chaki. Kesho baada ya ibada ataazima keke na kutoboa.

Nukta nne nyeupe kwenye mbao nyekundu. Sipendi kuziangalia. Naziangalia.

Jumapili, 9 Juni

Kabla ya kutoboa Baba aliifunga dramu kwenye stendi kwa mpira wa baiskeli, ili tuone urefu. Aliukaza sana. Nikapiga. Sauti fupi, kama ya kugonga meza. Baba akasema ngozi imelegea. Akaikaza ngozi. Vilevile.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa mkekani anachambua kunde. Ni Mgogo wa Manyoni. Kwao wanawake ndio wapiga ngoma, nao huishika kwa magoti.

"Mke mwenzangu, ilete hapa," aliniambia kwa utani wake wa bibi na mjukuu.

Aliiweka katikati ya magoti. Hakuibana, aliigusa tu. Akapiga kwa viganja. Uwanja wote ukajaa sauti. Kuku walikimbia.

"Mmeikaba kama mwizi wa mbuzi," alimwambia Baba, "halafu mnataka iimbe."

Baba hakucheka. Keke ilikuwa mkononi mwake. Nikasikia nikisema, "Baba, usitoboe."

Sijawahi kumpinga. Mama aliacha kukoroga. Nilisema haraka kabla sijaogopa zaidi. Mbao ni nyembamba, dramu ilitengenezwa ishikwe na kitu chembamba. Tundu likishatobolewa halizibiki. Na stendi hii siwezi kuipandisha ule mlima.

Baba aliishusha keke. Kisha akasema, "Hayo ni maneno. Wewe umesoma. Nipe kipimo."

Akaongeza kwamba atangoja hadi Jumapili ijayo. Stendi nyembamba isipopatikana, anatoboa, na Yona atapiga. Hakuwa mkali. Ndiyo maana naamini atafanya hivyo.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi tulivu. Nimezungusha uzi mara moja kwenye fimbo iliyokatika. Nimefunga fundo pale ulipoanzia na pale ulipokutana tena na mwanzo wake. Nimerudia mara tatu.

Fundi mwenzake Baba huko reli anaondoka leo kwenda Dar. Atabeba stendi nzito, zirudishwe dukani zibadilishwe, na barua yangu. Alama za chaki bado zipo. Sijazifuta. Aliyeziweka ndiye atakayezifuta.

Nimenakili barua hapa:

Baba mdogo, shikamoo. Usikasirike. Stendi zako ni imara, ila dramu yetu ni ya kizee, haipendi kukabwa, na mimi sina mabega ya Yona. Humu kuna uzi wenye mafundo mawili, ndio unene wa fimbo yetu ya zamani. Nenda nao dukani, uuzungushe kwenye fimbo ya ile stendi ya miguu ya panzi. Tafadhali mpe jibu huyuhuyu aliyekuletea barua, anarudi Alhamisi: je, mafundo yanakutana?