Mama Amevaa Raba

Mabatini,
Mwanza.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Chenge,

Marahaba! Naipokea kabla hujaitoa, maana shikamoo zako siku hizi zinachelewa njiani. Hujambo? Wifi yangu Winnie hajambo? Nathaniel anaendeleaje na shule? Sisi huku wazima. Mvua bado, lakini upepo wa ziwa unatupoza, Mungu ashukuriwe.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja mama tu, unadakia kuuliza kama amekunywa dawa. Leo kaa kitako usome mpaka mwisho.

Tulipomaliza matanga ya baba ulisema Krismasi utakuja kumchukua mama akaishi kwako Dar, kwa kuwa sukari imepanda, miguu imevimba na hatoki ndani. Sikukubishia. Alikuwa anashinda kwenye kiti cha baba, mlango umefungwa, chai inapoa mbele yake. Niliogopa sana, Chenge. Niliona tutarudi makaburini mapema.

Aliyemtoa ni Dorcas, yule nesi jirani yetu, aliyeanzisha kikundi cha kina mama cha kutembea asubuhi. Alimgongea mlango kila siku mpaka mama akatoka kwa hasira. Sheria ya Dorcas ilikuwa moja: kukaza mwendo, hakuna kusimama.

Sasa mwambie mama yetu apite mlango wa mtu bila kumsalimia! Siku ya kwanza alisimama kila nyumba. "Mwangaluka," anawaamkia kwa Kisukuma, halafu habari za watoto, habari za shamba, habari za ng'ombe, hata kwa wauza vocha ambao hawana kuku. Jua likatukuta hatujatoka Mabatini. Dorcas nusura alie.

Kesho yake mama akaja na sheria yake mwenyewe. Hatasimama, lakini kimya pia hapiti. Wa kwanza aliyemwita alijibiwa, "Anayetaka salamu kamili atembee nami."

Na wakatembea, mdogo wangu! Mtu anatoka na mswaki mdomoni amjibu mama habari za nyumbani, anakuja kushtuka yuko Nyakato. Wengine hawakurudi nyuma tena, ndiyo maana kikundi kimekuwa kikubwa hivi. Jumamosi tunateremka mpaka Kamanga, tunatazama kivuko kikiondoka, tunarudi tukiwa tumesemana na kuchekana vya kutosha wiki nzima.

Hata mzee Masele, fundi cherehani, ambaye tangu apate kiharusi alikuwa hataki kuonekana na watu, anatungoja na mkongojo wake. Anatusindikiza mpaka kwenye kona, anarudi. Asubuhi moja hakuwepo. Mama alikataa kuendelea mpaka shemeji yako Obedi akaangalie, akamkuta ana homa kali, peke yake. Amepona, na sasa ndiye anayetukemea tukichelewa.

Kliniki nako kuna habari. Sukari imeshuka vizuri na miguu haivimbi tena. Dawa hajaacha, usianze. Daktari alipomuuliza anafanya nini siku hizi, mama alinyanyua kitenge akamwonyesha raba. Mama yetu, ndani ya raba! Nilijivuna utadhani mimi ndiye niliyemzaa.

Lakini nililotaka hasa ulijue ni hili. Mwezi uliopita alituambia anataka kwenda kwa baba, Bujora, kwa miguu. Tuliondoka alfajiri, tukapumzika Igoma, tukanywa uji Kisesa, tukafika jua limeshapanda. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akang'oa majani, akasema, "Nimekuja mwenyewe." Sote tulilia, hata Dorcas wa kukaza mwendo.

Kwa hiyo, Chenge, hataki kuhama. Najua unampenda, na najua nyumba yako ina kila kitu. Ila huko nani atamwita mlangoni asubuhi? Nilimwomba akueleze mwenyewe, akanipa maneno haya nikufikishie: Krismasi uje na raba. Mtatembea wote wawili mpaka kwa baba yako. Mkifika, kama bado una pumzi ya kumwambia ahame, umwambie palepale, baba naye akisikia.

Mimi nakijua kitambi chako, sisemi kitu.

Msalimie sana wifi yangu, mbusu Nathaniel. Obedi anakusalimu, Dorcas anakusalimu, mzee Masele anasema suruali utakayokuja nayo ataipunguza kiuno ukirudi kutoka Bujora. Mungu awalinde na awafikishe salama.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,

Wilhelmina

N.B. Nimemsomea mama barua yote, nikamuuliza niandike salamu gani kutoka kwake. Amekataa. Anasema za kwako ni zile kamili.