Vumbi katika Damu ya Sostenes

Segese

Dada Melania, shikamoo.

Mbuzi wako amezaa mapacha. Wote wakaidi, wamekurithi.

Ulinikataza insulini kwa kuwa baba alichomwa sindano yake Jumatatu, Jumatano tukamzika. Nikakutii, mpaka kidonda cha kidole cha mguu kikaoza na daktari akataja kukikata kidole. Ndipo nikakubali kwenda kwa watafiti wa insulini Shinyanga. Wakanieleza kwamba seli humwaga vipande vidogo mno kwenye damu, na kwa sisi wenye kitambi, presha na sukari huwa vingi. Wanataka kujua insulini inavifanyaje.

Nikamwambia daktari wao, "Kumbe damu yangu ni karasha la kusaga mawe, vumbi tupu!"

Akacheka. "Haya mzee, tuone kama litatulia."

Walinichoma insulini, wakapima. Vumbi limepungua! Daktari anasema mtu mmoja si jibu. Sawa, lakini kidole ni changu, na baada ya miezi ya sindano kidonda kimefunga. Jana nimevaa buti, nimeosha dhahabu mwaloni kutwa, nikiimba vibaya.

Baba hakuuawa na sindano, dada. Ilimfikia ikiwa imechelewa. Binti yako Wema ameniambia macho yako yanafifia kwa sukari, na chupa yako ya insulini umeificha mtungini, hujaigusa. Jumapili naja Maganzo. Itoe.

Mdogo wako mwenye vidole vyote kumi,
Sostenes