Salfa Juu ya Sola ya Mama

Mnyambe, Newala.
Jumapili, 10 Agosti 2025.

Mpendwa dada yangu Stamili,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Dodoma na baridi yake. Sisi huku tunapumua, na neno hilo naliandika kwa makusudi, maana najua ndilo unalolitafuta kabla ya mengine yote. Mama anapumua. Asubuhi hii amekunywa uji, akalalamika kwamba mke wangu Zuhra kaupunguzia sukari. Anayelalamikia sukari hajafika pabaya.

Simu zangu hupokei, nami sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu ya kalamu hiyohiyo. Barua nampa kondakta wa basi. Isome mpaka mwisho kabla hujaanza safari yako ya Ijumaa.

Nilipofunga sola, Mnyambe nzima ilikuja kutazama. Paneli nane juu ya bati, betri ya lithiamu ukutani kama kabati la bwana mkubwa, na waya mnene wa kuchajia bajaji yangu ya umeme. Mimi niliyekaa Maputo, nikakaa Durban, nikaona magari yasiyotoa moshi, ningeshindwaje? Waliopita kuandikisha watu wa umeme wa nguzo niliwaambia waendelee na safari, kwa Mujibu jua linatosha. Na mashine ya oksijeni uliyomletea mama ilikuwa inafanya kazi vizuri. Hilo usinikatalie.

Kilichotuangusha ni salfa. Msimu huu unaujua. Jirani yetu Gerson hupuliza mikorosho yake alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ili salfa ishike na ugonjwa wa ubwiri unga usiyale maua. Lakini dada, umande hauchagui. Paneli zetu nazo zilikuwa na umande. Kila alfajiri tabaka jipya, na jua likitoka linaikausha kama chapati. Asilimia za betri nilikuwa naziona zinashuka, nikamwambia Zuhra betri bado changa, inazoea mazingira. Bajaji nikaendelea kuichaji kama kawaida, abiria walishanizoea.

Jumatatu alasiri kifua cha mama kilibana, kwa salfa hiyohiyo iliyokuwa hewani. Zuhra akamwashia mashine. Ikaenda kidogo, ikalia pii, pii, ikanyamaza.

Ukimya ule sijausikia popote, hata Durban. Nikapanda juu ya bati. Paneli zilikuwa njano tupu, ukipitisha kidole kinaacha mfereji. Zuhra akawa ananipa ndoo za maji ya kisima cha mvua, nasugua kwa kanga, huku chini namsikia mama anavuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia mlimani. Jua lilishaelekea magharibi. Hata ningezing'arisha kama sahani za harusi, betri isingejaa kwa wakati, lakini mikono ilikataa kuacha kusugua. Ndipo Gerson alipokuja uani akaniita.

"Mujibu, shuka. Bajaji ina chaji?"

"Imejaa."

"Sasa unaosha nini huko juu? Tumpeleke mama."

Alivua shati lake la shambani lililojaa salfa akalitupa upande wa kwake, akanawa mpaka mabegani, akampakata mama kiti cha nyuma ili akae wima. Njia nzima mpaka hospitali Newala mjini sikutania. Aliyetania ni mama, kwa pumzi za kukatikakatika: "Mujibu, leo gari lako halina kelele. Au ni wewe?" Nikabana usukani, nikaongeza mwendo.

Walimwekea hewa, akarudi nyumbani Jumatano. Jioni ile ndipo uliponiambia kwenye simu kwamba nimemgeuza mama kifaa cha kujaribia betri. Nami nikaleta ubishi wangu. Ukasema, "Mfungie nguo zake, Ijumaa ijayo nakuja kumchukua," ukakata.

Sasa sikiliza yaliyofanyika. Fundi kutoka Masasi ametenga sehemu kubwa ya betri iwe ya mashine tu. Bajaji inakula kinachobaki, kisipobaki inalala na njaa. Mtungi wa oksijeni wa akiba umesimama kando ya kitanda. Paneli nazifunika turubai kabla ya adhana ya alfajiri, nafunua jua likitoka. Na umeme wa nguzo nimejiandikisha. Wale waandikishaji waliponiona walicheka mpaka wakakaa chini.

Gerson naye, bila kuombwa, safu mbili za mikorosho yake zilizo karibu na dirisha la mama ameziacha bila salfa. Utayaona maua yake yameanza kunyauka. Nikamuuliza mwaka huu atakula nini. Akasema, "Nitakula kwako. Si una jua lako mwenyewe, utanipikia." Basi nimempa safu mbili zangu za bondeni, avune yeye.

Lakini sitakudanganya, dada. Gerson ni mmoja na mashamba ni mengi. Upepo ukigeuka, salfa ya watu wengine inaingia tu. Naogopa, na neno hilo hujawahi kulisikia kwangu.

Mama anasema haendi popote, basi litamuua kabla ya kifua. Nguo zake nimezifunga kama ulivyoagiza. Kila nikizifunga, nakuta amezirudisha sandukuni, zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Jana, hata hivyo, hakuzirudisha zote. Kanga yake ya safari ameiacha nje, juu ya kiti. Sikumuuliza. Njoo umuulize wewe.

Msalimie shemeji Salmini, na Faidha na Kurwa waambie mjomba wao bado ni mzuri kuliko baba yao. Zuhra anakusalimu, Gerson pia. Mungu akufikishe salama, na njiani akulainishe moyo japo kidogo.

Mama akisema twende, nitawapeleka stendi mwenyewe kwa bajaji, na chaji ya safari hiyo itatoka kwenye fungu langu, si lake.

Mdogo wako anayekupenda hata ukimkatia simu,

Mujibu