Hesabu Kwenye Ukuta wa Posa

Jumatatu, 16 Juni
Mwajuma hana haya. Ukuta wa barazani nimeupaka chokaa mwenyewe, vidole bado vinaniwasha, naye kaujaza maandishi ya makaa toka dirishani mpaka mlangoni. Ati hesabu ya likizo. Ati daftarini hawaoni wote watatu: yeye, mwenzake Fatu, na Selemani, mjukuu wa jirani, anayejiita mume wangu. Kidato cha tano wote. Nimemkumbusha Ijumaa watu wa Pande wanaleta posa ya dada yake Zuhura. Kanijibu, "Bibi, tukifuta tunaanza upya." Nimekasirika sana.

Jumanne, 17 Juni
Bado. Hesabu yenyewe herufi tupu. Nimeuliza wanatafuta nini. Kuna tangi la maji ya chumvi, maji yasiyo na chumvi yanaingia huku, yanatoka kule, wajue chumvi iliyobaki. Nikasema mwenye tangi ni mpumbavu, afunge bomba. Wakacheka. Selemani akacheka kaegemea ukuta wangu.

Alhamisi, 19 Juni
Wamekwama na wamenuniana. Fatu anasema kosa la Mwajuma, Mwajuma anasema la Fatu. Nikachukua brashi nifute. Nimepaka kipande cha juu tu, hata herufi sijazifikia, nikamwona Mwajuma analia bila sauti. Nimeweka brashi chini. Nimewaambia mkono unauma. Hauumi.

Ijumaa, 20 Juni
Siku mbaya. Bi Salima, shangazi wa bwana harusi, kafika, kautazama ukuta, kakataa kukaa. Chai hakuigusa. Kanivuta kando.
"Bibi, talasimu hii mmemwandikia mtoto wetu?"
Mimi! Na umri huu, na swala zangu tano. Ndani Zuhura anasikia, kajifunika khanga usoni. Wanaume wa Pande wanatafuta viatu vyao.
Nikawaita wale watatu. Nikawaambia msomeeni shangazi, mstari kwa mstari, wala msitetemeke. Wakasoma. Tangi, maji, chumvi. Fatu akafika mstari wa tatu, akasogeza uso ukutani. Pana doa la kijivu, usawa wa bega.
"Hapa palikuwa na alama ya kutoa," akasema. "Selemani, umeondoka nayo kwenye shati lako."
Siku zote hizo! Mwajuma akanyakua kaa, akairudisha. Mmoja akisahau mwenziwe anamalizia. Wakasahau wageni, wakasahau kununa. Walipopata jibu wakapiga kelele kama watoto wa chekechea.
Bi Salima kauliza kama chumvi imebaki. Wakamwambia ipo, kidogo.
"Kumbe watoto wanasoma," akasema. Akakaa. Chai ilikwisha poa, akainywa hivyo hivyo. Wanaume wakavua viatu tena, posa ikatolewa.

Jumamosi, 21 Juni
Kimya leo. Zuhura anapepeta ufuta, anaimba chinichini. Harusi baada ya mavuno. Nimekaa peke yangu barazani, nimetazama ile hesabu. Sijaelewa hata kidogo. Mwandiko wa Mwajuma mzuri.
Kesho anakili yote, kisha wapake chokaa wote watatu, na asinijie mtu na hesabu nyingine kabla haijakauka.