Vidonge vya Mama Kabla ya Picha

Kariakoo, Dar es Salaam

Mpendwa Mjomba Nassibu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Masasi, wewe, Bibi na watoto. Mimi sijambo, nasoma kidato cha pili. Simu ya Mama anayo Baba, ndiyo maana naandika na kumpa dereva wa basi.

Mama amelazwa. Baba alikwambia ni nyongo na kwamba atapasuliwa. Ni kweli alikuwa akiumwa ubavu wa kulia na kutapika. Hospitali walimchoma sindano, wakamlaza chini ya mashine inayopiga picha nyongo ikitembea. Daktari akasema mfuko wa nyongo haujikamui, utolewe.

Lakini Mjomba, ubavu ule ulianza kuuma siku Baba alipompiga kwa ufito wa kutungulia magauni dukani. Alimpiga mbele ya wateja hadi ufito ukavunjika, akaendelea na kipande. Jirani yetu Candida alipopiga kelele, Baba alimwambia kama naye ana hamu ya kupigwa apange foleni. Mama aliangukia marobota, damu ikimtoka mdomoni. Kesho yake Baba alimletea vidonge vikali vya maumivu, akasema ameze asimame dukani, wateja hawanunui kwa mgonjwa. Akawa anavimeza kila siku, hata asubuhi ya picha. Daktari alipouliza anatumia dawa gani, Baba ndiye aliyejibu: hakuna.

Baadaye nesi Scholastika alielezwa habari za vidonge. Alisema dawa hizo hubana njia ya nyongo, hata mfuko usio na ugonjwa huonekana mbovu. Wakamsimamishia vidonge, wakarudia picha. Mfuko ukajikamua vizuri, upasuaji ukafutwa. Eksirei ndiyo iliyoonyesha mbavu zilizovunjika.

Jumapili Baba alikuja wodini. Alimkaba Mama koo akitaka kujua nani kasema. Mama, macho yakimtoka, alijibu kuwa kasema mwenyewe. Baba akamgongesha kichwa kwenye chuma cha kitanda, tena na tena, hadi walinzi wakamvuta. Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya uji. Polisi walimchukua, ndugu zake wakamwekea dhamana.

Mjomba, aliyesema ni mimi. Mama amenikataza kukueleza, anaogopa utakuja na panga. Usije nalo. Njoo tu, umchukue. Ijumaa anaruhusiwa, na Baba amesema atamfuata yeye mwenyewe. Tafadhali uwe umefika kabla yake. Nitakuwa getini pa hospitali na begi la Mama, na langu.

Nisalimie Bibi, mwambie Mama anakula vizuri sasa.

Mpwa wako akupendaye,
Shukuru